Namna za Kuchukua Upanga katika Hekaya na katika Historia

Katika hekaya za mataifa mengi shujaa hatajwi ila hutajwa na upanga wake. Msikilizaji huambiwa jina la upanga, uzuri wa mpini, ukali wa makali, na idadi ya maadui waliokatwa kwao. Lakini ni nadra sana kuambiwa upanga huo ulikuwa wapi kabla haujafutwa. Shujaa amepanda milima, amevuka mito, amelala nyikani, amekaribishwa kula mezani pa wafalme. Na muda huo wote alikuwa na kipande cha chuma chenye urefu wa kama wari moja, ambacho kilipaswa kukaa mahali fulani mwilini mwake au karibu naye. Makusudi ya makala haya ni kuliuliza swali hili dogo ambalo wasimulizi huliruka: watu walizichukuaje panga zao? Msomaji ataona kuwa swali ni dogo kwa umbo tu. Majibu yake yanagusa ngao, mnyama wa kupanda, mavazi, heshima na sheria. Na kutoyajua majibu hayo kumepata kuwapoteza hata watu wenye elimu.

I. Ushahidi wa maneno

Inafaa tuanze na lugha yetu wenyewe, kwani maneno huhifadhi desturi hata baada ya desturi zenyewe kupita. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu huko Unguja, katika kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilichotolewa mwaka 1870, alizitenga aina mbalimbali za silaha hii. Upanga wa felegi ni ule mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili, uliochukuliwa na Waarabu. Upanga wa imani ni mfupi, na mpini wake una umbo la msalaba. Kitara ni upanga uliopinda. Pamoja na hizo pwani ilijua jambia, ambalo si upanga bali ni kisu kilichopinda, na bara ilijua sime.

Lakini zaidi ya majina, vitendo ndivyo vinavyotufundisha. Mswahili huvaa upanga, au hujifunga upanga, maana yake umeshikamana na mshipi wa kiunoni kama sehemu ya mavazi. Hufutika kisu, maana yake hukichomeka katika nguo alizojifunga kiunoni. Hupakata upanga, yaani huuweka mapajani akiwa ameketi, kama mtu apakatavyo mtoto. Huutia kwapani, na huutweka begani. Na wakati wa haja huufuta. Kitendo hiki cha mwisho kimeanza kusahauliwa: kijana wa leo asomaye katika tendi kwamba fulani alifuta upanga aweza kudhani kuwa aliupangusa vumbi, kumbe aliutoa alani. Ukiyaangalia maneno haya utaona kuwa kila moja ni namna mbalimbali ya kuchukua, na kila namna ina wakati wake. Mpiganaji huvaa, mzee barazani hupakata, mpita njia hutia kwapani, na mwenye mzigo hutweka. Hapana namna moja iliyofaa kwa yote.

II. Upande wa kushoto na upande wa kulia

Watu wengi hutumia mkono wa kulia. Kwa hiyo upanga mrefu, popote ulipotumika, kwa kawaida umevaliwa upande wa kushoto. Sababu yake ni hesabu ya viungo. Mkono wa mtu mzima, tangu bega hata ngumi, una urefu wa kiasi cha sentimita 60. Mtu akiwa na upanga wenye bapa la sentimita 90, mkono peke yake hautoshi kuutoa wote. Lakini upanga ukiwa nyonga ya kushoto, mkono wa kulia huanza safari yake mbali, mbele ya tumbo, ukapita upana wote wa mwili na kunyooka upande wa pili. Njia hiyo ni ndefu kuliko mkono wenyewe. Tena kiuno hugeuka kidogo, na mkono wa kushoto huishika ala na kuivuta nyuma. Mambo hayo matatu yakikutana, bapa hutoka bila taabu.

Kwamba mkono wa kushoto una kazi kubwa katika jambo hili lilidhihirika kwa ajali ya mtu mmoja. Sam Browne, ofisa wa jeshi la Kiingereza huko India, alikatwa mkono wa kushoto vitani mwaka 1858. Alipopona aliona hawezi tena kuituliza ala yake: ilimyumba miguuni alipotembea, na ilimfuata juu alipojaribu kuufuta upanga. Basi akauongeza mshipi wake mkanda mwembamba upitao juu ya bega la kulia, ili uishike ala mahali pa mkono uliopotea. Mshipi ule ukaitwa kwa jina lake, na baadaye ukavaliwa na maofisa wa majeshi ya Kiingereza katika nchi nyingi, hata Afrika ya Mashariki. Na wengi walioutazama hawakujua ya kuwa ulibuniwa na mtu mwenye mkono mmoja.

Lakini kanuni ya kushoto inavunjwa na mataifa ambayo hayana uhusiano wowote baina yao. Askari wa miguu wa Kirumi alivaa upanga wake upande wa kulia. Jambo hili liliandikwa na Polybius katika karne ya 2 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na laonekana katika picha zilizochongwa kwenye nguzo ya Kaisari Trajan iliyosimamishwa mjini Roma mwaka 113 baada ya kuzaliwa kwake. Mmasai naye huvaa upanga wake upande wa kulia, katika ala ya mti iliyofunikwa kwa ngozi yenye rangi nyekundu. Na wapiganaji wa Uhabeshi pia walikuwa wakivaa panga zao kulia, jambo lililowashangaza wageni waliozoea kushoto.

Watu hawa watatu wana kitu kimoja wanachoshirikiana: ngao. Mrumi alishika ngao kubwa iliyomfunika tangu shingoni hata magotini. Mmasai alishika ngao ndefu ya ngozi ya nyati. Mhabeshi alishika ngao ya duara. Aliye na ngao mkono wa kushoto hana tena mkono wa kuishika ala. Na akiupitisha mkono wa kulia mbele ya tumbo ili atafute mpini, mkono huo hunaswa nyuma ya ngao, au humlazimu aisogeze ngao na kuufunua ubavu. Lakini upanga ukiwa kulia, kiwiko huinuka, kiganja hugeuka, na upanga hutoka juu moja kwa moja, ngao ikiwa haijatikisika. Namna hii yahitaji bapa lisiwe refu mno, na kweli upanga wa Mrumi ulikuwa mfupi, bapa lake likiwa baina ya sentimita 45 na 60 hivi. Baadaye, katika karne za 2 na 3 baada ya Nabii Isa, Warumi walipochukua upanga mrefu zaidi, waliuhamishia kushoto, ukaning'inia katika mkanda mpana wa begani. Silaha ilirefuka, na upande ukabadilika.

III. Onyo kwa mwanahistoria

Kufanana huku kwa Mrumi na Mmasai kumezaa hadithi nyingi. Wasafiri wa Kizungu waliona nguo nyekundu, upanga mfupi ulio nyonga ya kulia, na ngao iliyochorwa alama, wakanong'onezana ya kuwa Wamasai ni mabaki ya jeshi la Kirumi lililopotea jangwani. Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyetoa kitabu kikubwa juu ya Wamasai mwaka 1904, yeye alitafuta asili yao kwa Wasemiti wa kale, jamaa za Wana wa Israeli. Kitabu chake kina habari nyingi zenye thamani juu ya desturi alizoziona kwa macho. Lakini dhana hiyo ya asili haikubaliwi leo, na lugha ya Kimasai yenyewe, ambayo ni ya jamii ya lugha za Kiniloti, yatuelekeza kwenye bonde la Naili.

Kosa liko wapi? Liko katika kudhani kuwa vitu viwili vikifanana lazima kimoja kimemzaa mwenziwe. Mvuvi wa Pemba na mvuvi wa nchi ya mbali wote hutoboa tundu kwenye jiwe la kuzamishia wavu, wala hakuna aliyemfundisha mwenziwe; jiwe na kamba ndivyo vilivyowafundisha wote wawili. Hali kadhalika mtu mwenye ngao mkononi na upanga mfupi kiunoni hufika mahali pamoja na mtu mwingine mwenye haja ile ile, hata wakiwa wametengwa na bahari na miaka elfu mbili. Na ubaya wa dhana ile haukuwa kosa la elimu tu. Kila kitu kizuri kilichoonekana mikononi mwa Mwafrika kilitafutiwa baba wa nje, kama kwamba fundi wa bara hakuweza kukaa chini ya mti wake, akafikiri, na kuona mwenyewe pa kuufunga upanga. Mwanahistoria akitaka kujua watu walikotoka, na aulize lugha zao na masimulizi ya wazee wao. Nyonga yamwonyesha tu namna walivyopigana.

IV. Bega na mgongo

Waarabu wa kale hawakuufunga upanga kiunoni bali waliutundika kwa mkanda uliopita juu ya bega la kulia na kushuka ubavuni kushoto. Mkanda huo uliitwa nijad, na kutokana nao wanachuoni wa elimu ya balagha wana mfano mashuhuri wa kinaya: husema fulani ni mrefu wa nijad, na muradi wao ni kwamba ni mrefu wa kimo, kwa sababu mkanda mrefu huvaliwa na mtu mrefu. Hivyo namna ya kuchukua upanga iliingia katika elimu ya maneno, na mwanafunzi wa chuo asiyepata kuuona mkanda wenyewe huukuta kitabuni.

Mkanda wa begani waonekana pia kwa Watuareg wa Sahara, na kwa Wabeja wa Sudani ya mashariki, ambao hutundika upanga wao mrefu begani, mpini ukikaa karibu na kwapa. Waomani nao waliuchukua upanga wao ulionyooka, usio na kinga ya mkono, kwa mikanda ya begani pamoja na ngao ndogo ya duara. Namna hizi zafaa kwa mtu atembeaye mwendo mrefu au apandaye ngamia: uzito hubebwa na bega badala ya kukaza kiuno, na ala haiingii miguuni.

Hapa ndipo tunapofika kwenye mgongo, mahali papendwapo mno na hekaya za zama zetu. Geralt, mwinda majitu wa mwandishi wa Poland Andrzej Sapkowski, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1986, huchukua upanga mgongoni. Katika filamu ya mwaka 1995 iitwayo Braveheart, William Wallace wa Scotland aonekana akiufuta upanga mkubwa kutoka nyuma ya bega. Je, jambo hili lawezekana? Msomaji na ajaribu kwa fimbo. Mpini ukiwa juu ya bega la kulia, mkono huanza kuvuta karibu na sikio na hukoma pale unaponyooka juu. Njia yote haifiki urefu wa mkono mmoja. Upanga mfupi wa kama sentimita 45 utatoka. Upanga wa sentimita 90 utakuwa umetoka nusu tu, na nusu nyingine ingali alani, naye mwenyewe amesimama mkono juu, ubavu wazi, mbele ya adui. Na kuurudisha ni taabu kubwa zaidi, kwani haoni mdomo wa ala, na ncha inatafuta njia karibu na shingo yake.

Lakini tusiseme kuwa mgongo haukutumika kamwe. Ulitumika kwa kuchukua, wala si kwa kufuta. Wajapani walikuwa na panga ndefu kupita kiasi ambazo ziliweza kuchukuliwa mgongoni au mkononi mwa mtumishi, na mtumishi huyo aliweza kuishika ala wakati bwana wake akiutoa upanga. Nao askari wa miguu wa Ujerumani na Uswisi katika karne ya 16, waliopigana kwa panga za mikono miwili, walizitweka begani kama mtu atwekavyo mkuki au jembe. Kwa hiyo msafiri mwenye busara aliweza kuutia upanga mgongoni pamoja na mzigo, akijua kwamba kwa hivi alivyo hayuko tayari kupigana. Alipoliona vumbi la maadui kwa mbali, aliushusha kwanza.

V. Mpanda farasi

Aliyeketi juu ya farasi ana shida nyingine. Ala iliyofungwa mahali pamoja huning'inia wima; farasi akienda mbio huyumba, humpiga mnyama ubavuni na mwenyewe mguuni. Watu wa nyika za Asia ya kati, ambao maisha yao yote yalikuwa juu ya farasi, waliupata ufumbuzi. Kwanza kilitumika kipande kilichobandikwa ubavuni mwa ala, ambamo mshipi ulipita; Wachina walikichonga hata kwa jiwe la thamani la kijani kibichi. Kisha, yapata karne ya 6, ikaenea namna ya kuifunga ala mahali pawili kwa kamba mbili zisizolingana urefu. Ala iliyofungwa hivi hulala mshazari, mpini mbele na ncha nyuma, nayo hutulia. Desturi hiyo ilienda mashariki na magharibi, na hapa kuenea kwake twaweza kukufuata hatua kwa hatua, kwa kuwa vyuma vyenyewe vimefukuliwa makaburini. Huu ndio ushahidi uliokosekana katika habari ya Mrumi na Mmasai.

Wengine waliona heri farasi auchukue mwenyewe. Wapanda farasi wa Poland na wa Uturuki walikuwa na upanga wa pili, mrefu na mwembamba wa kuchomea, ambao waliutia chini ya tandiko, kando ya mguu. Upanga wa kiunoni ulikuwa wa mtu, na huu wa tandikoni ulikuwa wa vita.

VI. Upanga kama neno

Mpaka hapa tumesema juu ya kupigana. Lakini katika maisha ya mtu aliyevaa upanga, siku za vita zilikuwa chache na siku za amani nyingi, na katika siku hizo za amani upanga ulisema neno kwa namna ulivyochukuliwa.

Wajapani waliliendeleza jambo hili kuliko wengi. Upanga wa mpanda farasi ulining'inizwa kwa kamba, makali yakielekea chini. Upanga wa baadaye ulichomekwa katika mshipi wa kitambaa, makali yakielekea juu, ili kuufuta na kukata kuwe tendo moja. Mgeni aliyeingia nyumbani mwa mtu aliuvua upanga mrefu, na alipoketi aliuweka kulia kwake. Kuuweka kulia kulikuwa sawa na kusema, “Sina nia mbaya,” kwani hapo mkono wa kulia hauwezi kuufuta upesi. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wanyang'anywe silaha. Na mwaka 1876 serikali mpya ikawakataza samurai wenyewe kuvaa panga hadharani. Chuma kilibaki majumbani, lakini kiuno kilikuwa kitupu, na tabaka zima la watu likajua kwamba zama zao zimekwisha.

Katika pwani yetu na Omani, jambia lilikaa mbele, katikati ya mshipi, mahali ambapo kila mtu huliona. Silaha iliyo mbele ya tumbo haifichi kitu. Aliyenayo amejitangaza kuwa ni mtu huru na mwenye hadhi. Kinyume chake ni kisu kilichofutikwa ndani ya nguo, ambacho tangu zamani kimekuwa alama ya hila. Katika picha za masultani wa Unguja wa karne ya 19, kama vile Sayyid Barghash bin Said aliyetawala tangu 1870 hata 1888, twaona jambia kiunoni, na upanga ukiwa ndani ya ala yake, umeshikwa mkononi au umepakatwa. Upanga wa namna hii si wa kupigana upesi. Ni wa kuonekana. Omani hata leo imeliweka jambia na mshipi wake juu ya panga mbili zilizopishana katika alama ya taifa, na bwana arusi wa pwani avaapo joho na kilemba akashika upanga, huurudia usemi ule ule wa wazee.

VII. Faida kwa msimulizi

Sasa turudi kwa shujaa wa hekaya. Mtunzi akitaka msafiri wake asadikike, na amwulize maswali manne: Je, una ngao? Je, watembea kwa miguu au umepanda mnyama? Urefu wa bapa lako na wa mkono wako ni kiasi gani? Na wataka watu wakuone vipi? Akiyajibu, mahali pa upanga patajulikana penyewe. Mwenye ngao kubwa na upanga mfupi atauvaa kulia. Mwenye upanga mrefu bila ngao atauvaa kushoto. Mwenye safari ndefu atautundika begani. Mwenye upanga wa mikono miwili atautweka, au ataufunga pamoja na mizigo na kuvaa mwingine mdogo kiunoni. Tena na akumbuke mvua, umande na chumvi ya bahari, ambavyo hula chuma: ala njema ya mti na ngozi, na mafuta kidogo kila jioni, vimeokoa panga nyingi.

J. R. R. Tolkien, aliyekuwa mwalimu wa lugha za kale katika chuo kikuu cha Oxford, aliyajua mambo haya. Katika The Hobbit, kitabu cha mwaka 1937, Bilbo ni mtu mdogo, na kisu cha mtu mwingine kwake ni upanga. Akauficha ndani ya suruali, na maadui waliomteka hawakuuona. Katika The Lord of the Rings, kilichotolewa mwaka 1954 na 1955, Aragorn apewapo zawadi na Bibi Galadriel, hapewi upanga, kwa maana upanga anao. Hupewa ala ya kuutilia. Na pwani yetu, masimulizi ya Fumo Liyongo yanamtaja shujaa aliyechukua mkoba wenye kinu na mchi na vyombo vya kupikia, mzigo uliowashinda wengine kuunyanyua. Aliyesimulia hivyo alijua kwamba nguvu za mtu msikilizaji huzipima kwa mzigo anaouelewa. Hekaya haiharibiwi na ukweli wa namna hiyo, bali hupata pa kusimama.

Wazee waliovaa panga kila siku hawakuandika walivyozivaa, kwa kuwa hapana aandikaye jambo ambalo kila mtu alijua. Tulichobakiwa nacho ni picha chache, ala zilizopasuka, na vile vitendo vya kufutika, kupakata na kufuta. Yafaa wale wenye ala na mishipi ya kale majumbani wasiitenge na panga zake wakaitupa kwa kuwa imechakaa, wala wasiiuze panga peke yake. Kwa maana upanga usio na ala hutuambia namna mtu alivyokufa, na ala na mshipi wake hutuambia namna alivyoishi.